Watu Mia na Mnyama Mmoja



Mwaka 2025 ulizuka ubishi uliozagaa duniani: watu 100 mikono mitupu wakipambana na gorila dume mmoja, nani atashinda? Wengi walisema watu watashinda kwa wingi wao. Sisi tunauliza swali la mfanyakazi: nani atatangulia? Wale wa mbele watauawa au kulemaa, ndipo wa nyuma washangilie ushindi.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwaka 1898, huko Tsavo, katika nchi ambayo leo ni Kenya, maelfu ya wafanyakazi Wahindi na Waafrika walikuwa wakijenga reli na daraja. Simba wawili waliwavamia usiku, wakawachukua mmoja mmoja kwa miezi. Wingi wao haukuwasaidia. Walilala katika kambi zilizotawanyika, ndani ya mahema yenye ua wa miiba, na wengi wao hawakuwa na bunduki.

Desemba mwaka ule wakasema kwamba walikuja kwa mkataba wa kazi, si kuwa chakula cha simba. Mamia yao wakasimamisha gari moshi, wakapanda, wakaenda zao. Kazi ikalala wiki tatu hivi, na katika wiki hizo waliobaki wakajengewa vibanda imara vya kuzuia simba.

Mhandisi Patterson aliwapiga risasi simba wote wawili kabla ya mwaka kwisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alitaja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika, alikiri mwenyewe kuwa hapakuwekwa hesabu rasmi.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Hata leo kuna kibarua anayelinda shamba usiku dhidi ya tembo kwa tochi na rungu, na jina lake halimo katika daftari lolote. Akikanyagwa, familia yake itadai fidia kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo, ndugu, tusijisifu kwa wingi. Tudai kila kibarua aandikwe, apewe vifaa, na fidia yake ijulikane kabla hajaingia zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa; lakini hata vidole mia havitavunja, kama kila kimoja kina mkono wake.