Kisu cha mfukoni si cha kudungia

MWENYE kisu kikali ndiye mla nyama, walisema wahenga. Lakini je, msomaji, yule ambaye kisu chake mwenyewe kimemgeukia, tumwiteje?

Nauliza hivyo kwa sababu ya kisa kilichotokea nyumbani kwangu wakati wa likizo ya Agosti. Kijana wangu wa miaka 12 alirudi kutoka kwa babu yake akiwa na zawadi: kisu kidogo cha kukunja chenye mpini wa mti. Nilikitambua mara moja. Ndicho alichotumia baba kutumenyea machungwa tulipokuwa watoto. Nilifurahi, nikanyamaza.

Siku ya tatu kijana alitaka kutoboa mtungi wa plastiki ili atengeneze gari la kuchezea. Alidunga kwa nguvu, ncha ikakwama, kisu kikajifunga juu ya vidole vyake viwili. Alishonwa nyuzi nne. Daktari alituambia tushukuru Mungu: kama makali yangezama zaidi kidogo yangekata kano, na kidole kingeweza kukosa kukunjika tena.

Nilimpigia baba simu nikiwa na hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilimpa kisu. Maneno nilikuachia wewe."

Basi maneno yenyewe ni haya, nawe uyapokee kabla hujachelewa kama mimi.

Kisu cha aina hii hakina komeo. Kinachokizuia kisijikunje ni springi bapa iliyo mgongoni mwa mpini, ambayo husukuma tako la ubapa. Ukikata chungwa au kamba ya katani, mkono wako hukandamiza makali chini, na nguvu hiyo huzidi kuushikilia ubapa ukiwa wazi. Lakini ukidunga, ukibanduabandua kifuniko, au ukigonga mgongo wa ubapa, unausukuma urudi kwenye mpini. Springi ikishindwa, vidole vyako ndivyo vilivyo njiani.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni fupi: kata, usidunge. Cha kutoboa kitafutiwe msumari.

Pili, mtoto afundishwe kufunga kabla ya kufungua. Ashike mpini ubavuni, vidole vikiwa mbali na mfereji, kisha asukume mgongo wa ubapa kwa kiganja cha mkono wa pili. Akimpa mwenzake kisu, ampe kikiwa kimefungwa.

Tatu, kinolewe. Kisu butu humlazimisha mtu kutumia nguvu nyingi, na mkono wenye nguvu nyingi ndio unaoteleza. Baada ya kumenya matunda kipanguswe na kukaushwa, na mara kwa mara kidondoshewe tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Springi ikilegea hata ubapa ukawa unaning'inia, usimpe mtoto kisu hicho.

Huenda ukauliza, mbona tusinunue chenye komeo yakaisha? Komeo husaidia, lakini nalo huchakaa, na halimfundishi mtu adabu ya kisu. Tena kuna nchi ambako kukosa komeo ndiko kunakokubalika. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani, bila kueleza sababu, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Mahakama za huko ziliamua kwamba kinachojifunga kwa komeo kikiwa wazi hakimo katika ruhusa hiyo. Ikiwa una ndugu anayekwenda kusoma huko, mnong'onezee. Lakini hata hicho kidogo, mtu akikibeba kwa nia ya kumdhuru mwenzake, huhesabiwa silaha.

Hapa kwetu nako, busara ni kukiacha nyumbani unapokwenda mahakamani, na hakifai kuingia shuleni ndani ya mkoba wa mtoto. Ukisafiri kwa ndege, kitie kwenye begi linalopakiwa chini, la sivyo wakaguzi watakuaga nacho.

Vidole vya kijana wangu vimepona, ingawa kovu lipo. Jumapili iliyopita tuliketi barazani na kapu la machungwa. Alifungua kisu polepole, akamenya matatu, akakipangusa na kukifunga kwa kiganja. Kisha akanirudishia bila kuambiwa, nami nikakiweka juu ya kabati.

Siku moja kitarudi mfukoni mwake. Na wewe, msomaji, ikiwa kuna kisu cha babu nyumbani mwako kinachosubiri mrithi, usimpe mpaka umempa maneno yake kwanza.