Kifuniko kikifungwa, kazi isikatwe

Huku Kadutu, mjini Bukavu, mtu hafungi kompyuta mpakato kwa sababu amemaliza kazi. Anaifunga kwa sababu vumbi la barabara linaingia kibandani, au mvua imepata tundu kwenye bati, au mtoto anayetambaa ameshaiona. Usiku anaifunga ili mwanga wa skrini usipenye kati ya mbao za ukuta ukamwita mwizi. Kazi yenyewe bado inaendelea. Waliotengeneza mashine hawakuwazia hayo: kwao kufunga ni kumaliza, basi ukishusha kifuniko tu, inalala.

Mimi ninachapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoteremka kutoka chuoni Karhale, na vijana wanaotengeneza video za harusi. Kijana ameacha video ya harusi ijiandae usiku kucha, amefunga mashine, amelala. Asubuhi anafungua anakuta imesimama palepale alipoiacha, na umeme umeshakwenda. Bibi harusi anasubiri. Mwanafunzi naye alikuwa anapakua makala za TFC yake, yaani kazi ya kumaliza masomo, kwa mega za intaneti za usiku, ambazo muda wake umekwisha kabla hazijatumika.

Usiku ndio wakati wetu wa umeme, na hilo lina historia. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapahapa mjini. Bwawa lake la kwanza la umeme lilianza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, Bukavu ikiwa mji mdogo. La pili, la mwaka 1989, tunaligawana na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka mara nyingi, kwa hiyo tunaishi kwa delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, na umeme mara nyingi unarudi watu wakiwa wamelala. Saa hizo chache ndizo mashine inazotupotezea.

Dawa yake haihitaji fundi, ila ujue kwanza mashine inajuaje kwamba imefungwa. Kwenye kifuniko kuna sumaku ndogo, na upande wa kibodi kuna kihisi kinachoisubiri. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe taratibu pembeni mwa kibodi: kwenye mashine nyingi kuna mahali skrini itazimika ghafla, ingawa kifuniko kiko wazi. Ndiyo maana kompyuta zikipangwa moja juu ya nyingine, ya chini huweza kulala bila kuguswa. Kihisi kinatoa habari tu. La kufanya baada ya habari hiyo limeandikwa kwenye programu, na wewe mwenye mashine unaweza kulibadilisha.

Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi, ingia «Panneau de configuration», kisha «Options d'alimentation», ubonyeze «Choisir l'action qui suit la fermeture du capot». Chini ya «Sur secteur» weka «Ne rien faire». Chini ya «Sur la batterie» acha «Veille». Kisha ondoa ule muda wa kulala wenyewe mashine ikiwa kwenye umeme, maana wengi wanausahau halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Kwenye Linux nyingi ni mstari wa HandleLidSwitchExternalPower katika faili la logind.conf. Mac ni ngumu zaidi: kwa kawaida inataka chaja na skrini ya nje ndipo ikubali kufungwa bila kulala.

Ninasisitiza tofauti hiyo ya umeme na betri kwa sababu wako mafundi wanaoweka «Ne rien faire» pande zote mbili. Wanakosea, na kosa hilo ni la hatari. Mashine iliyo macho ndani ya begi inachemka, na betri inachakaa kabla ya wakati. Hata kwenye chaja, nyingine zinapumua kupitia kibodi, na zikifungwa joto halina pa kutokea. Sisi wa Kadutu hatuhitaji kufundishwa moto. Nyumba zetu ni za mbao, zimebanana, njia hazipitishi gari la zimamoto, na moto wa nyumba moja unakula mtaa. Kompyuta inayofanya kazi imefungwa ikae juu ya meza, imeinuliwa kidogo hewa ipite chini. Juu ya godoro hapana, chini ya nguo hapana, hata kama video ni ya harusi ya dada yako.

Ninachowadai wauzaji wa kompyuta za mitumba pale sokoni ni dakika chache tu kabla ya kupokea dola za mteja. Mwonyesheni ukurasa huo wa «Options d'alimentation», abadilishe kwa mkono wake, mwambieni habari ya joto. Mama anayemnunulia mwanawe mashine kwa akiba ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, amelipa vya kutosha kuambiwa hayo. Na ambaye hakuambiwa apite kwangu na mashine yake. Kazi hiyo siitozi pesa.