Nilijijaribia tembe za usingizi Gatina, na usiku bora ulikuwa wa unga

Kaa kwenye benchi la duka la dawa hapa Gatina kwa saa moja tu, asubuhi au jioni, na utasikia ombi moja likitoka kwa watu tofauti. Soja aliyekesha akilinda geti Lavington: "Niangalilie kitu ya kunilalisha." Mwanadada anayefanya kazi za mtandaoni kwa saa za Marekani: hivyo hivyo. Jamaa wa boda aliyetafuna muguka tangu mchana na sasa macho yamekataa kufunga: hivyo hivyo.

Wengi huondoka na Piriton. Wenye chapaa kidogo huulizia melatonin, ile chupa ambayo kwenye TikTok kila mtu anaapa imembadilishia maisha. Mimi nilikuwa kwenye kundi hili la pili. Kazi yangu ni kunakili rekodi za sauti za wateja walio ng'ambo. New York ikiwa saa nne asubuhi, huku ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea msimu wao. Kwa hivyo wao wakianza siku, nami naanza, na mara nyingi nafunga laptopu saa nane usiku. Baada ya hapo najilaza nikitazama mabati hadi matatu za 46 zianze kupiga honi.

Nilinunua chupa. Wiki ya kwanza nikawa mhubiri. Nilimwambia kila mtu kwenye ploti kuwa nimepata dawa. Aliyenituliza ni jirani anayesomea mambo ya famasia, aliponiuliza swali moja: "Unajuaje si akili yako tu?" Sikuwa na jibu.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Melatonin si dawa ya kukuzimisha. Ni homoni ambayo mwili wako wenyewe huitengeneza, kwenye tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, giza linapoingia. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwanga ukikupiga machoni, tezi hiyo inapunguza kazi. Aliyeitambua mwaka 1958 ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, na hakuwa hata mtaalamu wa usingizi, alikuwa daktari wa ngozi. Leo Marekani huiuza kama kirutubisho cha kawaida, kando ya vitamini, kwa sababu ya sheria yao ya mwaka 1994. Uingereza huwezi kuipata bila karatasi ya daktari. Kitu ni kile kile, lakini nchi mbili zinakichukulia tofauti kabisa.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2013 watafiti walijumlisha majaribio 19 yaliyohusisha watu 1,683 wenye shida ya usingizi. Waliotumia melatonin walipata usingizi dakika 7 mapema kuliko waliopewa tembe bandia, na wakalala dakika 8 zaidi kwa jumla. Si sifuri, lakini pia si yale maisha mapya unayoahidiwa kwenye video. Pale inaposaidia zaidi ni kwa mtu ambaye saa ya mwili imehama, kama msafiri aliyevuka mabara.

Basi jirani akanipangia jaribio. Alichukua kapsuli tupu 24. Kapsuli 12 akazitia melatonin iliyosagwa, 12 akazitia unga wa mahindi. Akazichanganya, akazifunga moja moja kwenye karatasi yenye nambari, na orodha ya kilicho ndani akabaki nayo yeye. Mimi kila usiku nilimeza moja bila kujua ni gani. Asubuhi niliandika kwenye daftari mambo manne: nilijilaza saa ngapi, nilikisia nimechukua dakika ngapi kulala, nimeamshwa mara ngapi, na alama ya usingizi wangu kati ya 10. Niliandika pia nadhani nimemeza nini.

Siku ya 25 tulifungua orodha tukiwa na chai na mandazi. Hali ilikuwa hivi. Usiku wa melatonin nilikuwa nimekisia kupata usingizi mapema kidogo, kama dakika 10. Kwa mtu mmoja na usiku 24, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kuamka katikati ya usingizi, hakuna tofauti. Kukisia nimemeza nini, nilipata 13 kati ya 24, yaani ni kama ningerusha sarafu. Zile siku nilizokuwa mhubiri, huenda nilikuwa nahubiri imani yangu mwenyewe.

Lakini usiku uliopata alama ya juu kabisa, 9 kati ya 10, ulinifanya nicheke halafu ninyamaze. Kapsuli ya usiku huo ilikuwa ya unga. Nikaangalia nilichoandika pembeni: "Stima imepotea mtaa mzima kuanzia saa tatu."

Hebu fikiria kilichotokea usiku ule. Waifai ilizima, kwa hivyo kazi haikufanyika na saa nne unusu nilikuwa kitandani. Spika za baa iliyo nyuma ya ploti zilinyamaza. Na mulika mwizi, ile taa ndefu inayoingiza mwanga chumbani kupitia nafasi ya juu ya dirisha, ilikuwa giza. Kazi, kelele na mwanga viliondoka kwa mpigo, na mwili wangu ukalala wenyewe na unga wa ugali tumboni.

Tangu siku hiyo naamini tunauliza swali lisilofaa pale kwa duka la dawa. Tunauliza mwili umekosa nini, ilhali tungeuliza nini kinauzuia kulala. Hebu tuchukue vile vitu vitatu kimoja kimoja.

Tuanze na kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kelele kwenye makazi zisizidi desibeli 35. Hiyo ni sauti ya mtu anayenong'ona. Kiwango hicho hakibadiliki hata kama makazi yamechanganyika na biashara na sehemu za burudani. Maana yake kisheria Gatina na Lavington zina haki ya kimya sawa, na ukitaka kujua umbali uliopo kati yao, vaa viatu utembee, hutafika nusu saa. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kuwa kaunti haitatoa leseni kwa vilabu vya usiku kwenye maeneo ya makazi. Kanuni ipo, tangazo lilitolewa, na mimi bado nasikia besi kwenye godoro. Ijumaa zote katika daftari langu zina alama mbovu, za dawa na za unga, kwa sababu baa ikimaliza kesha inaanza, na kesha ikipumua makanga wameingia kazini.

Najua kuna atakayesema baa ni riziki ya mtu, na kesha ni ibada. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimekunywa pale na nimeombewa pale pengine. Lakini riziki haihitaji spika kuelekezwa kwa nyumba za watu saa nane usiku, na Mungu hana shida ya masikio.

Cha pili ni mwanga. Hapa nitakuwa mwangalifu, kwa sababu mulika mwizi tuliitaka wenyewe. Dada zetu wanaoteremka matatu usiku wanaihitaji, na sitaki mtu aizime. Lakini taa inaweza kukingwa upande mmoja imulike njia bila kumulika vitanda. Hadi hilo lifanyike, pazia zito ndilo kirutubisho. Nilishona langu kwa blanketi kuukuu. Kumbuka tezi ile inafanya kazi gizani: ukimeza melatonin huku simu ikikumulika usoni, unanunua kwa chupa kile unachokizuia kwa kidole.

Cha tatu ndicho kizito zaidi, nacho ni saa za kazi. Amri ya jumla ya mishahara nchini inasema mfanyakazi wa kawaida asizidishe saa 52 kwa wiki. Lakini kwa anayefanya kazi usiku, inaruhusu hadi saa 60. Soma tena. Mtu anayefanya kazi wakati ambao mwili unataka kulala ndiye sheria imemwongezea saa 8 juu. Nalo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka kazi ya zamu za usiku kwenye orodha ya mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na likashikilia msimamo huo 2019. Sisi wa mtandaoni hata hizo 60 hatuna, kwa sababu wengi hatuna mwajiri wa kushikwa shati. Machi 2024 Remotasks ilipofungia Wakenya, watu walilala na kazi wakaamka bila akaunti. Katika hali hiyo nani atakataa kazi ya saa nane usiku eti analinda usingizi?

Serikali inapenda kutuambia ajira za kidijitali ndizo mwokozi wa kijana. Sawa, zimetulipia rent. Ila kila anayesimama jukwaani kuzisifu aseme pia kazi hizi hufanywa saa ngapi, na afya ya anayezifanya inalipiwa na nani. Kwa sasa anayelipa ni sisi, kwa duka la dawa.

Na hapo kwa duka la dawa kuna hatari zake. Kwanza, hujui unameza kiasi gani. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za peremende za melatonin. Aina 22 hazikulingana na kilichoandikwa kwenye lebo, na moja haikuwa na melatonin hata chembe. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Wakanada walipima bidhaa 31, na 8 kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine kabisa ambayo haikuandikwa popote. Ikiwa hali ni hiyo kwa wenye maabara, jiulize kuhusu chupa iliyokufikia kupitia mtu wa Instagramu. Hata jaribio langu lina shimo hilo: sijui kapsuli zangu zilibeba miligramu ngapi za kweli.

Pili, Piriton. Ile ni dawa ya mzio. Kukufanya usinzie ni athari ya pembeni, mwili huizoea upesi, na usingizi mzito huendelea hadi kesho yake. Kwa mtu wa boda au wa mashine, kesho yake ndiyo hatari. Tatu, kuna wale wanaopanda ngazi hadi diazepam na ndugu zake. Hizo ni za karatasi ya daktari, zinashika mtu, na zikikutana na pombe zinaweza kukata pumzi. Hizo usizijaribu nyumbani, hata ukiwa na jirani msomi kama wangu.

Sisemi melatonin ni utapeli. Kama zamu zako zimehama na unataka kuusogeza mwili, inaweza kukusaidia kidogo, na inafaa uzungumze kwanza na mfamasia au daktari, hasa ukiwa mjamzito au ukitumia dawa nyingine. Ninachosema ni jaribu kwa uaminifu. Kabla ya kununua, weka daftari wiki mbili: ulilala saa ngapi, nini kilikuamsha. Ikiwa kwenye kila ukurasa umeandika "baa", hakuna kapsuli inayotibu baa. Ukikosa usingizi kwa miezi na hakuna kelele wala zamu, madaktari huanza na mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo ya usingizi, kabla ya tembe yoyote. Na ukiamka na roho nzito kila siku, mwambie mtu. Huenda shida si usingizi.

Sisi wa ploti tumeanza padogo. Tumeandika barua moja kwa wote, tukataja kanuni ya 2009 na zile desibeli 35, tukakusanya sahihi za vyumba 19, na keretaka akaipeleka kwa ofisi inayohusika. Mwenye baa naye tumemwendea kwa heshima. Amekubali kugeuza spika ziangalie barabara na kupunguza sauti saa tano usiku, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa bado tunavutana.

Chupa yangu ingali nusu. Jirani ameniuliza kama ninataka kurudia jaribio, safari hii kupima spika badala ya kapsuli. Nimemwambia alete daftari.