Aliyepoteza macho mgodini asikalishwe kwenye kona

Kule Misisi, kule Kamituga, kila mchimbaji anajua namna macho yanavyopotea. Jiwe linaruka wakati nyundo inagonga. Dinamiti ambayo watu walifikiri imekufa inalipuka mtu akiwa anaikaribia. Mama twangaise, anayetwanga mawe tangu asubuhi bila miwani, anapata kipande kidogo kwenye jicho. Kidonda kinaoza na jicho linakwenda. Wenzake wanachanga franga, mgonjwa anateremshwa mpaka Uvira ao Bukavu, kisha anarudishwa nyumbani. Kutoka siku ile, anakalishwa kwenye kiti nyuma ya nyumba. Akitaka kwenda choo, anaita mtoto ambaye angepaswa kuwa masomoni.

Tunafanya vile kwa kumhurumia. Lakini huruma ya namna hii inamlegeza mwili na kumvunja roho. Wazo langu ni hili: mtu wetu aliyepoteza macho afundishwe judo, na afundishwe kutembea kwa masikio, fimbo na miguu. Haiko mchezo wa wazungu, haiko sinema.

Nyinyi wachimbaji ndio mungepaswa kuelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Tochi ikizimika chini ya shimo, munatokaje? Munapapasa ukuta, munafuata kamba, munasikia upepo unatoka upande gani. Mbele ya kuchimba, mzee wa shimo anagonga jiwe la juu: likilia kwa sauti kali, liko zima, likilia sawa ngoma, limeachana na mlima, mukimbie. Mikono na masikio yenu yamefundishwa na kazi. Basi juu ya nini mwenzenu akitoka kule bila macho, munafikiri hana tena chombo chochote?

Judo inamfaa kipofu sababu kazi yake iko ya kushikana. Katika mashindano ya wasioona, kanuni ni karibu zilezile za wanaoona. Tofauti kubwa: wapiganaji wanashikana nguo kwanza, ndipo mwamuzi anasema waanze, wakiachana, anawasimamisha na kuwashikisha tena. Mkono unasikia uzito wa mwenzako unakwenda wapi, mbele jicho halijaona. Mchezo huu uliingia katika michezo ya Paralimpiki kwa wanaume mwaka 1988 kule Seoul, na kwa wanawake mwaka 2004 kule Athens. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Mwafrika Cherine Abdellaoui wa Algeria alichukua medali ya zahabu.

Lakini sizungumzi juu ya medali. Somo la kwanza la judo ni kuanguka: kukunja kidevu, kupiga chini kwa mkono, kuviringika, kusimama. Kinachomfunga kipofu ndani ya nyumba ni woga wa kuanguka: mtaro usiofunikwa, matope, mawe ambayo mvua imeteremsha kutoka mlimani. Mtu aliyeanguka mara mia mbele ya mwalimu haogopi tena ile ya barabarani.

Masikio nayo yanafundishwa. Mmarekani Daniel Kish, ambaye alipoteza macho akiwa mtoto mchanga, anabofya kwa ulimi na kusikia sauti inavyorudi: ukuta unarudisha namna yake, mti namna yake. Haiko uchawi. Mwaka 2021, watafiti wa chuo cha Durham, Uingereza, walitangaza kwamba walifundisha watu 26, vipofu 12 na wanaoona 14, kwa wiki 10 tu. Wote walifaulu kuendelea, hata wazee.

Na Uvira yetu iko mwalimu mzuri. Ziwa liko mashariki, mlima uko magharibi, barabara kubwa inapita katikati. Jua la asubuhi likikupiga usoni, unaelekea ziwani. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka mlimani. Harufu ya ndagala zinazokauka inakuambia kama umekaribia ufuko. Kipofu akifundishwa alama hizi, pamoja na fimbo nyeupe, anaweza kwenda soko bila kushikwa mkono.

Wengine watasema: “Unataka kipofu apigane na bandia?” Hapana. Judo haizuii risasi, wala haisimamishi pikipiki inayokuja mbio. Na lazima tuwe waangalifu. Mwenye kidonda kipya, ao ambaye jicho lingali linaona kidogo, aonane kwanza na munganga, juu kuanguka kunaweza kuliharibu zaidi. Aliyelipukiwa na dinamiti apimwe na masikio pia.

Wengine watauliza franga. Ni za kweli, lakini haziko nyingi. Mchanga wa ufuko unatosha kwa kujifunza kuanguka, chini ya mwalimu anayejua kazi. Nguo nzito iliyoshonwa vizuri inatosha kwa kushikana. Sheria ya inchi ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, lakini karatasi ya Kinshasa haitakuja kumshika mtu mkono hapa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kooperativi za wachimbaji, na PDG wa kila shimo: muweke sehemu ndogo ya mapato kwa wale walioumizwa na kazi yenu, na mununue miwani mbele ya kununua fimbo nyeupe. Walimu wa judo: mufungue mlango, kipofu na anayeona wanaweza kufanya mazoezi pamoja. Na nyinyi wamama na wake, najua munaogopa. Mumwache atoke. Ataanguka, ndiyo. Lakini atakuwa amejifunza namna ya kuanguka, na mtoto wake atarudi masomoni.