Kiyoyozi Kizimikapo: Bodi Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Kampala si mji wa joto kali kama Mombasa au Juba. Vilima vyake vimeinuka karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto halizidi sana nyuzi 28. Hata hivyo, viyoyozi vya ukutani, vile vyenye sehemu moja ndani na nyingine nje, vimekwisha kuingia katika nyumba za watu, hasa katika vyumba vilivyo chini ya bati tupu. Adui wao mkubwa ni umeme usiotulia. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo na radi nyingi mno. Mvua hunyesha, umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo, na kifaa kilichokuwa kizima asubuhi huwa bubu jioni.

Hapo ndipo neno "bodi" huanza kusikika. Bodi ni ubao wa saketi uliomo ndani ya kiyoyozi. Ndio upokeao amri ya rimoti, usomao joto la chumba, na uamuruo feni na kompresa. Kwa kuwa ni ghali, na kwa kuwa hakuna auonaye ukifanya kazi, ni rahisi mno kuusingizia kila kosa.

Katika nyumba moja ya kupanga huko Kireka, sajini alikuwa kazini Karamoja, na mkewe amebaki na watoto pamoja na baba mkwe aliyepata kiharusi. Chumba cha mzee ndicho kilichofungwa kiyoyozi. Kilipozimika, fundi aliyeitwa alikitazama dakika chache akasema, "Mama, bodi imekufa. Hii ni ya kubadilisha tu." Bei aliyoitaja ilikaribia ada ya muhula mzima ya mtoto mmoja. Yule mama akamwuliza, "Fundi, umepima nini hata ukajua?" Fundi hakuwa amepima kitu.

Swali lile lilikuwa la haki. Yapo mambo ambayo mwenye nyumba aweza kuyachunguza bila hata kushika bisibisi. Na atazame kwanza kama swichi ya kinga ya kiyoyozi imejizima. Na aielekeze rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Katika simu nyingi, rimoti iliyo nzima huonyesha nuru ndogo ambayo jicho peke yake haliioni. Taa za kiyoyozi zikipepesa, azihesabu, kwani ni lugha ya mtengenezaji, na maana yake imo katika kitabu kilichokuja na kifaa (kama hakijafungiwa karanga). Tena asiwe na haraka: viyoyozi vingi hungoja kama dakika 3 baada ya umeme kurudi ndipo kompresa ianze, na wengi wamemlipa fundi kwa ajili ya dakika hizo.

Kufungua kifuniko ni kazi ya fundi. Baadhi ya bodi zina kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya umeme kuzimwa, nazo huweza kuua. Fundi astahiliye jina hilo huja na mita, akaufuata umeme hatua kwa hatua. Je, volti 240 zinafika penye nyaya za kuingilia? Fyuzi ya kioo ni nzima? Ikiwa umeme unaingia lakini volti 12 na volti 5 za ndani hazipo, kosa limo katika sehemu ya kupunguza umeme, na mara nyingi kapasita iliyovimba kichwa hujishuhudia yenyewe. Ikiwa hizo zipo na rilei inalia "ta", lakini kompresa haizunguki, bodi huenda haina hatia kabisa. Sensa ya joto nayo hupimwa kwa mkono: ikifumbatwa kiganjani, ukinzani wake hauna budi kushuka. Usipobadilika hata kidogo, sensa imekufa, nayo ni kitu cha bei ndogo. Sehemu ya nje pia ifunguliwe, maana mijusi hupenda ujoto wa bodi na hufia juu yake, ikiunganisha nyaya zisizopaswa kukutana.

Yule mama alimwita fundi mwingine, mzee wa Katwe. Mita yake ilionyesha fyuzi imekatika, na kando yake varista, kile kidude cha duara kinachojitoa mhanga volti zinapozidi, kimepasuka. Sehemu nyingine za bodi zilikuwa nzima. Lakini mzee hakukimbilia kutia vipuri vipya. Aliuliza, "Kabla ya kuzimika, taa zenu zilikuwaje?" Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyejibu: taa yao iliwaka kupita kiasi, na ya jirani ikafifia.

Jibu hilo lilifichua mengi. Wapangaji wa nyumba ile waligawana nyaya tatu za umeme na nyutro moja. Nyutro ikilegea, volti hugawanyika ovyo: huyu hupata pungufu ya 240, yule hupata nyingi zaidi, pengine karibu na 400. Katika sanduku la pamoja ukutani, nyutro ilikutwa imelegea na kuungua. Lau bodi mpya ingalifungwa siku ile, ingaliungua kama ile ya kwanza. Kosa lingalikuwa kwenye nguzo, ingalibidi liripotiwe kwa UEDCL, shirika la serikali lililopokea usambazaji wa umeme tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika. Hili lilikuwa la mwenye nyumba, naye aliitwa akalipia.

Nyutro ilipokazwa, mzee alipima tena katika kila chumba, kisha akatia fyuzi ya kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye bodi, na varista mpya. Swichi ikawashwa. Kompresa ilikaa kimya, na yule mama akamtazama fundi kwa wasiwasi.

"Subiri, mama," mzee akasema. "Hizo ni zile dakika tatu."