Nchi ya kwanza iwe ile aliko baba

Barua iliyonifikia wiki hii imetoka Likoni, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kuketi kuijibu. Mama mmoja anamfundisha binti yake wa miaka sita nyumbani. Si kwamba anaichukia shule. Mtoto ana ugonjwa wa selimundu, na mwaka uliopita siku alizokosa masomo zilikuwa nyingi kuliko alizohudhuria. Sasa wamefika kwenye somo la mataifa na tamaduni zake. Mama ameazima kwa rafiki yake orodha ya nchi kumi na mbili, moja kwa kila mwezi: Ufaransa, Japani, Brazili, Misri, Meksiko, Australia na nyinginezo. Anataka kujua aanze na ipi.

Mwishoni mwa barua, kama jambo la kupita tu, anaongeza kwamba alipokuwa akimsomea mtoto orodha ile, mtoto alimkatiza akauliza, "Na baba yuko katika nchi gani hapo?" Baba ni mlinzi Qatar, huu ni mwaka wake wa pili. Qatar haimo katika orodha.

Basi mama, jibu unalo tayari. Anza na Qatar. Hata kama vitabu vya watoto kuhusu nchi hiyo ni haba, hata kama haina mnara wa kuchora wala ngoma ya kuigiza. Mtoto anayeuliza swali kama hilo hatafuti somo la jiografia. Anamtafuta baba yake kwenye ramani, nawe ukimletea Ufaransa atakuona umemkwepa.

Nawe utashangaa jinsi Qatar ilivyo karibu na Likoni. Mwonyeshe kwanza saa ya ukutani: saa za Qatar ni sawa na zetu, kwa hiyo mtoto anapokunywa chai saa moja asubuhi, saa ya baba nayo ni saa moja. Kisha msimulie boriti. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakiwa na tende na mazulia, yakarudi kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Kule hakuna misitu, na mapaa ya nyumba za kale yaliezekwa kwa miti iliyokatwa huku kwetu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kule Ghuba na hapa Mji wa Kale pia. Siku mtoto akiwa na nafuu, mvukishe feri, muingie katika nyumba moja ya zamani, apime chumba kwa hatua zake. Ataelewa kwa nini ni kirefu na chembamba. Ataelewa pia kwamba baba alikwenda mahali ambako boriti zilitangulia.

Halafu msimulie wapiga mbizi. Kabla ya mafuta na gesi, watu wa Qatar waliishi kwa lulu. Wanaume walizamia baharini miezi ya joto, familia zikiwangoja ufukoni, na mtoto wa Likoni hahitaji kuelezwa maana ya kungoja. Biashara hiyo iliporomoka katika miaka ya 1930, Wajapani walipokuwa wakiuza lulu za kufugwa. Hapo ndipo Japani yenyewe inapobisha hodi, bila ya kuitwa na orodha.

Jambo jingine usilifiche. Walio wengi wanaoishi Qatar si Waqatari. Ni Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Wafilipino na watu wetu wa Afrika Mashariki, waliokwenda kutafuta riziki. Ndio hao waliojenga na kulinda viwanja vya Kombe la Dunia la mwaka 2022. Mtoto wa miaka sita hana haja ya kusomewa mambo ya mikataba na vibali, lakini anaweza kuambiwa kweli kwamba kazi ya baba ni kusimama, kwamba wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40, na kwamba hawezi kurudi nyumbani siku yoyote anayopenda. Wazazi wengi hupamba nchi za Ghuba kwa picha za majumba ya vioo, kisha mtoto akashindwa kuelewa kwa nini baba aliye kwenye majumba hayo hatumi baiskeli.

Nchi ya pili itoke kwa baba mwenyewe. Analala chumba kimoja na nani? Ikiwa ni Mnepali, basi nchi ya pili ni Nepali, na somo la kwanza ni wali na dengu, chakula ambacho Mnepali anaweza kula mara mbili kwa siku asichoke. Utakipika kwako bila kuagiza kitu chochote kutoka mbali. Ikiwa ni Mhindi wa Kerala, mtoto ataona kwamba nazi si mali ya Waswahili peke yao.

Hapo tayari miezi kadhaa imepita. Mimi sipendi desturi ya nchi moja kila mwezi, sembuse kila wiki kama wafanyavyo wengine. Mtoto hutoka na bendera kumi na mbili na vyakula kumi na viwili kichwani, asijue hata mtu mmoja. Nchi nne kwa mwaka zinatosha kabisa, hasa kwa mtoto ambaye wiki nyingine atakuwa kitandani.

Za tatu na nne zitafuteni mlipo. MV Kwale na MV Likoni, zilizoanza kazi mwaka 2010, ziliundwa Ujerumani. MV Jambo, iliyofika mwaka 2017, iliundwa Uturuki. Mtoto wa Likoni amekanyaga kazi ya mikono ya Wajerumani na Waturuki mara nyingi kabla ya kujua kusoma! Matatu nyingine bado zina maandishi ya Kijapani milangoni. Mfuko wa mchele jikoni huenda umetoka Pakistani. Leso uliyojifunga, jina lake tulilipata kwa Wareno, kama vile bendera na meza, nao ndio walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Acha mtoto mwenyewe achague kitu kimoja nyumbani, mkifuate hadi kilikotoka.

Wala usivuke bahari kwa haraka ukasahau jirani. Katika Kaunti ya Kwale wako Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi humu miongo mingi bila vitambulisho vya uraia, hadi mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kuvidai. Msumbiji, mama, iko karibu kiasi hicho.

Lolote mtakalochagua, jiulize swali moja. Mtu wa nchi hiyo akigonga mlango wako leo, akaona ulichomfundisha mtoto, atajitambua? Fikiria mtoto wa Uswidi anayefundishwa Kenya kwa picha ya Mmaasai anayeruka. Picha si ya uongo, lakini humo hamna feri, hamna mahamri na mbaazi, hamna binti yako. Tusiwafanyie Wajapani yale tusiyotaka kufanyiwa.

Mambo mawili ya kawaida kabla sijamaliza. Ukinunua atlasi ya mitumba, iangalie kama ina Sudan Kusini. Ikiwa haimo, ilichapishwa kabla ya 2011, basi muichore pamoja kwa kalamu, nalo ni somo zuri. Pili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Kwa hiyo nenda na karatasi za hospitali kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, jina la mtoto libaki kwenye daftari, na siku za nafuu akae na wenzake. Rafiki wa umri wake huwezi kumfundishia nyumbani.

Ijumaa ni siku ya mapumziko Qatar, ingawa walinzi wengi huwa zamuni. Muulize baba siku yake ya kupumzika ni ipi, nanyi muifanye ndiyo siku ya somo. Mtoto aandae maswali matatu tu, maana simu ni pesa. La kwanza nimemtungia mimi: mchana huu umekula nini, na umekula na nani?