Simu ya mpenzi unapekua, mbunge je?

Mwezi huu nataka tumzungumzie mwanaume mmoja (wakati mwingine ni mwanamke) ambaye kila baada ya miaka mitano anakuja nyumbani kwenu kapendeza, anamwita mama yako "mama yangu mzazi", anakula ugali wa muhogo na samaki bila kuchagua, na anaahidi maji, barabara na umeme. Mkishamkubali anahamia Dodoma. Simu inaita weee, haipokelewi.

Sasa cha ajabu ni hiki. Mpenzi wako akichelewa nusu saa unataka maelezo. Akienda bafuni unaishika simu yake na kusoma meseji za tangu mwaka juzi. Lakini huyu mwingine, ambaye kodi inayokatwa kwenye mshahara wako inamlipa, hujui wiki iliyopita alisema nini, wala kama alikuwepo ukumbini.

Mkoa wa Mara tuna historia ya mapenzi moto na wabunge wetu. Angalia Musoma Mjini: 2005 walimchukua Vedastus Mathayo wa CCM, 2010 wakampiga chini na kwenda na Vincent Nyerere wa CHADEMA, 2015 wakarudiana na Mathayo. Bunda ndiyo usiseme. Mwaka 1995 Stephen Wasira, wakati huo yuko NCCR-Mageuzi, alimshinda Jaji Joseph Warioba wa CCM. Kesi ikaenda mahakamani na ushindi ukatenguliwa. Wasira akarudi 2005 kwa tiketi ya CCM, akakaa miaka kumi, na 2015 akaangushwa na Ester Bulaya wa CHADEMA katika jimbo la Bunda Mjini. Safari hiyo pia kesi ikafunguliwa, ikatupwa. Kwa hiyo huwezi kusema watu wa Bunda hawafuatilii siasa. Wanafuatilia sana siku ya harusi. Tatizo ni maisha ya ndoa yenyewe, ile miaka mitano katikati.

Haya, tuseme umeamua kupekua. Utaanzia wapi? Wengi wangeanza na kura: mbunge wangu aliunga mkono sheria ipi, akakataa ipi? Hapo ndipo utakapokwama mapema, kwa sababu Bunge letu mambo mengi linayaamua kwa sauti. Spika anawahoji, wanaoafiki wanasema "ndiyo", wasioafiki wanasema "siyo", yeye anasikiliza upande upi una kelele nyingi, basi. Ukifungua Hansadi, ile taarifa rasmi ya majadiliano, mwisho wa mjadala utakuta maneno kwenye mabano: hoja ilitolewa iamuliwe, hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani alisema ndiyo? Haimo. Nani alinyamaza, nani alikuwa kantini anakunywa chai? Haimo. Na baada ya uchaguzi wa 2020, ambapo majimbo yote ya Mara yalikwenda chama kimoja, hata ukiwa na masikio ya popo usingeweza kutofautisha ndiyo ya Bunda na ndiyo ya Butiama.

Ipo siku moja kila mwaka ambayo hakuna kujificha. Mwezi Juni, Bajeti Kuu ya Serikali inapigiwa kura ya wazi kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja. Jina lake linaitwa, anajibu, jibu linaandikwa. Hiyo kura ina uzito kwa sababu Katiba, ibara ya 90, inamruhusu Rais kulivunja Bunge likiikataa bajeti yake. Sasa fikiria, mtu anaambiwa ukisema hapana unaweza kurudi kesho kuomba kura upya kule Nyamuswa. Hapo utaelewa kwa nini wabunge wa chama tawala husema ndiyo hata kama wiki mbili kabla walikuwa wanalia kwamba jimbo limesahaulika.

Kwa hiyo watu wakahamia kuhesabu vitu vingine: maswali ya msingi, maswali ya nyongeza, michango. Majirani zetu Kenya walianza zamani. Ory Okolloh na mwenzake walianzisha tovuti ya Mzalendo kwenye miaka ya 2005 na 2006, baada ya tovuti ya Bunge lao kufungwa kwa sababu baadhi ya wabunge walichukia wasifu wao kuanikwa hadharani. (Mtu anachukia wasifu wake mwenyewe kusomwa! Ndugu zangu, mchumba wa namna hiyo ungemkubali?) Uingereza nao walikuwa wameshaanza mwaka 2004, lakini huko kukatokea kituko. Kufikia 2006 ikaripotiwa kwamba wabunge wengine wanasimama na kusema neno moja au mawili yasiyo na kichwa wala miguu, au wanauliza maswali ya ovyo, ili tu namba zao zipande.

Ndiyo maana mimi namba za maswali sizitilii maanani sana. Mwanaume anayekutumia meseji hamsini kwa siku si lazima awe anakupenda. Labda ana kifurushi tu. Na anayenyamaza naye usimhukumu haraka. Waziri hasimami bungeni kuuliza maswali, kwa sababu yeye ndiye anayejibu. Wasira alikuwa waziri kwa sehemu kubwa ya ile miaka yake kumi ya Bunda. Profesa Sospeter Muhongo wa Musoma Vijijini alikuwa Waziri wa Nishati na Madini hadi Mei 2017. Jumanne Sagini wa Butiama aliingia kwenye unaibu waziri mwaka 2022. Ukihesabu maswali ya watu hawa katika vipindi hivyo utapata sifuri, na sifuri hiyo haikuambii kitu. Hata Bulaya: Juni 2017 Bunge lilimsimamisha yeye na Halima Mdee wa Kawe hadi mkutano wa bajeti wa mwaka 2018. Ukiona ukurasa mtupu hapo usiseme mbunge alikuwa mvivu. Uliza kwa nini watu wa Bunda Mjini walikaa muda wote huo bila sauti ukumbini, hilo ni swali tofauti kabisa na lina jibu tofauti.

Na kuna maswali yanayoulizwa mpaka yanazeeka. Hospitali ya Kwangwa pale Musoma, ambayo sasa ina jina la Mwalimu Nyerere, ilianza kujengwa miaka ya 1970. Vijana waliozaliwa wakati msingi unachimbwa wamekuwa mababu kabla haijaanza kuhudumia wagonjwa. Barabara ya Makutano hadi Sanzate, ile kilometa 50 inayopitia Butiama, mkandarasi aliingia mwaka 2013, akakawia mpaka watu wakaizoea ile mitambo kama sehemu ya mandhari. Katika hesabu ya maswali, kila mbunge aliyesimama kuuliza habari hizo amepata pointi yake. Na kila waziri aliyejibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wake naye amekwenda kula mchana kwa amani.

Sasa nikuambie mahali pa kupekua penyewe. Panaitwa kushika shilingi.

Kila wizara ikishamaliza mjadala wa bajeti yake, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu moja baada ya jingine. Likifikiwa fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge anaweza kusimama na kudai maelezo ya kisera. Asiporidhika anasema anatoa shilingi, maana yake anaomba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi moja tu, lakini waziri anatoka jasho. Wenzake wanasimama kumuunga mkono au kumsihi airudishe, waziri anajieleza tena, halafu mbunge anaamua: ama anairudisha, ama Bunge zima linahojiwa. Yote haya yanaandikwa, jina kwa jina.

Usishangilie ile kushika, maana kushika kila mtu anaweza na klipu yake inasambaa kwenye simu jioni hiyohiyo. Soma chini yake kidogo. Aliirudisha kwa kupewa nini? Kama aliambiwa "tutaonana baada ya kikao", ujue huyo ni kama dada aliyefungasha nguo zote asubuhi, akaita na bodaboda, na saa kumi jioni yuko jikoni anakaanga dagaa bila kuombwa hata msamaha. Kama alirudisha baada ya waziri kutaja kiasi, mradi na mwaka wa fedha, hapo sasa una kitu mkononi. Mwaka ujao, wizara ileile, fungu lilelile, fungua tena uone kama mbunge wako alikumbuka ile ahadi. Mimi hapo ndipo ninapompimia mtu.

Msione kama hii ni habari ya wazee wa vijiwe vya kahawa. Chukua mfano: wewe uko benki Musoma, mwenzako anafundisha Bunda, mmebana matumizi mpaka mmepata kiwanja Butiama. Yeye anasema hahamii mahali pa kubeba ndoo kichwani, amelelewa hivyo na ametosheka. Wewe unamwambia maji yanakuja, mbunge kasema. Mnaanza kununiana. Nani mkweli? Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama upo, fedha zake zimetoka BADEA, Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na Serikali yetu, na Rais Samia aliweka jiwe la msingi Februari 2022. Chanzo chake kiko ziwani Mugango, jimbo la Musoma Vijijini, na Kiabakari na Butiama kwenyewe ni jimbo la Butiama. Yaani mradi mmoja, majimbo mawili, na kwenye mikutano ya hadhara kila anayepanda jukwaani ndiye aliyeuleta.

Badala ya kugombana kitandani, kaeni wote wawili na simu moja. Tafuteni hotuba ya bajeti ya Wizara ya Maji ya mwaka huu, someni mradi wenu umetengewa nini. Kisha tafuteni mjadala wake mwone kama mbunge alitaja kijiji chenu kwa jina au alipongeza tu mpaka kengele ikalia. Kilichobaki mkiulize kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kukujibu. Bomba linafika mtaa upi na lini? Hilo ndilo litakaloamua kama mnajenga mwaka huu au mnaendelea kupanga Nyasho na kutembeleana wikiendi.

Halafu kuna zile picha. Profesa Muhongo, tangu alipoingia ubunge 2015, alijenga mazoea ya kutoa taarifa za maandishi na picha za miradi ya jimbo: darasa hili, zahanati ile. Nampongeza, wengi hawafanyi hata hilo. Ila taarifa ya mbunge ni kama albamu ambayo mpenzi kakutengenezea mwenyewe. Ameweka picha alizotoka vizuri. Ukipita karibu na hilo darasa, shuka kwenye gari uchungulie kama lina madawati.

Na fedha je? Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria yake ni ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo jimboni ni mbunge mwenyewe. Saruji na mabati unayosikia "ametoa mheshimiwa" mara nyingi ni fedha za mfuko huu, yaani zako. Ni sawa na mume anayechukua hela kwenye pochi yako akakununulia zawadi, halafu anataka umshukuru mbele ya mashoga zako.

Kumwacha kabla ya muda haiwezekani. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na yuleyule Warioba wa Bunda ilipendekeza mwaka 2013 wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge katikati ya kipindi, na ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu. Bunge Maalumu, ambalo wabunge walikuwa sehemu yake kubwa, lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014 bila mambo hayo mawili, na hata hiyo haijapigiwa kura ya maoni mpaka leo. Ni sawa na kuwaachia waume peke yao kazi ya kutunga sheria ya talaka.

Kilichobaki kipo karibu kuliko Dodoma. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Ulizia tarehe kwenye ofisi ya mkurugenzi, Musoma, Bunda au Butiama. Ombeni ruhusa kazini nusu siku, nendeni pamoja, kaeni viti vya nyuma. Kwanza tazameni kiti chake kama kina mtu.